Safari ya Pikipiki Alfajiri Msimu wa Baridi Tabora: Mwongozo Kamili wa Mavazi na Maandalizi

Mwishoni mwa Mei, mvua zikiwa zimekwisha na anga likilala bila wingu, ardhi ya Tabora hupoteza joto lake usiku kucha, na alfajiri za Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 15 au chini ya hapo. Kwa mtembea kwa miguu hiyo ni baridi ya kuvumilika. Kwa anayetoka Sikonge, Urambo au Nzega juu ya pikipiki kabla ya jua kuchomoza, ni baridi ya kutia vidole ganzi kabla hajamaliza nusu ya njia.

Swali ambalo madereva huniuliza kila mwaka ni lile lile: "Nimevaa masweta matatu, mbona bado natetemeka?" Jibu ni kwamba sweta halizuii upepo. Baridi ya pikipiki ni upepo kwanza, hewa baadaye. Nyuzi za sufu hutunza joto pale tu hewa iliyo ndani yake inapotulia, na kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa hakuna hewa inayotulia ndani ya sweta lililo wazi. Anayeongeza sweta la nne anaongeza uzito tu. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa kufuata ukweli huo: tunaziba upepo kwanza, kisha tunatafuta joto.

## Vifaa vya kukusanya kabla ya kuanza

Tafuta jaketi moja lisilopitisha upepo, sweta moja zito, fulana ya mikono mirefu, na koti la mvua la vipande viwili, yaani koti na suruali. Vyote hivi hupatikana kwenye mitumba, na ni afadhali uvinunue Mei kabla wenzako hawajaanza kutetemeka, kwa maana bei hubadilika pamoja na hali ya hewa.

Ongeza glavu za ngozi zenye kitambaa ndani, skafu fupi au kitambaa cha shingo chenye umbo la mrija, soksi mbili, viatu vya kufunika vifundo, na kofia ngumu yenye kioo kisichokwaruzika sana. Kwa ajili ya pikipiki utahitaji kipima upepo wa matairi, plagi moja ya akiba, spana yake, oili kidogo ndani ya chupa yenye mdomo mwembamba, na msasa laini. Tafuta pia dumu tupu la plastiki la lita 5, lile la mafuta ya kula. Matumizi yake tutayaona katika hatua ya tatu.

Magazeti ya zamani yasitupwe.

## Hatua ya 1: Pima jaketi kwa mdomo wako

Usinunue jaketi kwa kuangalia unene. Shika sehemu ya kifuani, ibane juu ya midomo, weka kiganja upande wa pili, kisha puliza kwa nguvu. Ukihisi pumzi kwenye kiganja, jaketi hilo litapitisha upepo hata kama lina sponji nene kama godoro. Usipohisi kitu, umepata ganda la nje.

Rudia kipimo hicho kwenye mshono wa bega na kwenye zipu, kwa sababu mara nyingi kitambaa huwa kizima huku mishono ikivuja. Zipu nzuri ina ulimi wa kitambaa nyuma yake. Vuta pia mikono ya jaketi ukiwa umekaa mkao wa kuendesha, mikono ikiwa mbele: jaketi likipanda na kuacha kiuno au vifundo vya mikono wazi, ni fupi kwako, rudisha.

Kama umekosa jaketi la namna hiyo, vaa koti la mvua juu ya sweta. Halipendezi, nakubali, lakini linaziba upepo kuliko majaketi mengi ya bei kubwa. Kasoro yake ni jasho. Ukipanda kilima ukisukuma pikipiki, lifungue kwanza, kwa sababu ukilowa jasho kisha ukaanza mwendo utapata baridi maradufu.

## Hatua ya 2: Funga kifua na shingo

Mpangilio ni huu: fulana ya mikono mirefu inayogusa ngozi, sweta moja, ganda la nje. Kati ya sweta na ganda weka gazeti lililokunjwa mara tatu au nne, likifunika kuanzia chini ya shingo hadi tumboni. Karatasi huzuia upepo unaopenya kwenye zipu, na matabaka yake hushika hewa tulivu. Boksi gumu halifai sana kwa sababu hukunjika vibaya unapoinama na kuacha mianya pembeni.

Madereva wengi wa bodaboda huvaa jaketi kinyumenyume, mgongo wa jaketi ukawa kifuani. Wazo hilo lina akili ndani yake, kwa kuwa zipu haikai tena mbele ya upepo. Hata hivyo kola hukaba koo, mabega hubanwa, na ukianguka ni vigumu kwako au kwa msaidizi kulifungua. Gazeti nyuma ya zipu linafanya kazi hiyo hiyo bila madhara hayo.

Shingo ndiyo mlango mkubwa wa baridi. Kitambaa cha mrija ni bora kuliko skafu ndefu. Ukitumia skafu, ncha zake zote ziingie ndani ya jaketi kabla hujawasha injini. Ncha inayopepea nyuma inaweza kunaswa na mnyororo au spoku.

Utajua umefaulu kwa kusimama nje uani kwa dakika tano kabla ya safari: unapaswa kuhisi joto dogo la kukera. Ukijisikia vizuri kabisa ukiwa umesimama, njiani utaona baridi.

## Hatua ya 3: Linda mikono

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, na hapa ndipo hatari ilipo. Kifua kikipata baridi unateseka. Vidole vikipata baridi huwezi kufunga breki. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa pikipiki hupita karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo sekunde moja inayopotea kwa sababu vidole vimekakamaa ni urefu wa nyumba nzima.

Mwaka mmoja nilitoka Sikonge saa kumi na moja alfajiri nikiwa na glavu za kufuma za rangi nzuri sana. Nilipofika kwenye kona ya kuingia mjini nilitaka kubana klachi nipunguze gia, na mkono wa kushoto ukakataa. Niliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Nilipita kona ile nikiwa gia ya nne, injini ikigugumia, na ng'ambo ya barabara mama mmoja aliyekuwa anapanga nyanya akasimama na fungu mkononi kuona kama nitaanguka. Sikuanguka, lakini tangu siku ile sijapanda pikipiki alfajiri nikiwa na glavu za kufuma peke yake.

Glavu. Chagua za ngozi, zenye urefu wa kuingia chini ya mkono wa jaketi. Zisibane: glavu inayobana huzuia damu kufika kwenye vidole, na damu ndiyo inayoleta joto. Zisiwe nene kupita kiasi pia, kama zile za mafundi wa kuchomelea, kwani hutahisi mkono wa breki. Kipimo chake ni rahisi. Ukiwa umezivaa, okota sarafu ya shilingi mia mezani, kisha bonyeza honi na washa indiketa bila kuangalia. Ukiweza vyote, glavu inafaa.

Kinga ya dumu. Glavu pekee hazitoshi kwa safari inayozidi nusu saa, hivyo tunazuia upepo usifike kwenye vidole kabisa.

Osha dumu kwa sabuni na maji ya moto. Likate kwa wima, kutoka mdomoni hadi kitakoni, upate vipande viwili vyenye mkunjo. Kila kimoja ni kinga ya mkono mmoja. Ondoa mdomo na mpini wake. Lainisha kingo zote kwa msasa, kwa maana plastiki iliyokatwa hukata ngozi kama wembe.

Mwombe fundi akukatie mabapa mawili membamba ya chuma, kila moja likiwa na tundu la kuingia chini ya nati ya kioo cha pembeni. Bapa linyooke mbele na kukunjwa kuelekea nje, na kinga ifungwe juu yake kwa bolti mbili, upande wenye mkunjo ukitazama mbele. Acha nafasi ya vidole vinne kati ya kinga na mkono wa breki, na vivyo hivyo upande wa klachi.

Sasa fanya majaribio matatu, wala usiruke hata moja. Zungusha usukani kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho, kinga isiguse tanki wala kuvuta waya wowote. Bana breki na klachi kikamilifu. Halafu simama mbele ya pikipiki na uisukume kinga kwa kiganja kwa nguvu, kama upepo utakavyoisukuma: ikigusa mkono wa breki, isogeze mbele zaidi. Kinga inayolalia mkono wa breki njiani huifanya breki ishike kidogo kidogo na taa ya nyuma kuwaka wakati wote, na anayekufuata hatajua ni lini umefunga breki kweli. Hakikisha pia haifichi taa wala indiketa. Baada ya siku ya kwanza kaza tena nati za vioo, kwani mtikisiko huzilegeza.

Umefaulu ikiwa baada ya kilomita 20 unaweza kugusanisha kidole gumba na kila ncha ya kidole, na ukahisi mguso.

## Hatua ya 4: Miguu, na abiria wako

Suruali ya koti la mvua juu ya suruali ya kawaida inamaliza sehemu kubwa ya kazi. Magoti ndiyo yanayopokea upepo, kwa hiyo gazeti linaweza kuingia hapo pia. Vaa soksi mbili ikiwa tu viatu vinaruhusu vidole kucheza. Kandambili hazina nafasi katika msimu huu, wala katika msimu wowote mwingine kwa maoni yangu.

Abiria husahauliwa. Umemkinga upepo wa mbele, lakini amekaa bila kufanya kazi yoyote na mwili wake hauzalishi joto kama wako. Mwambie mapema avae koti, na apewe kofia ngumu yake. Akiwa ni mama aliyejitanda khanga au kitenge, mwombe kwa heshima akalie pindo zote mbili au azichomeke kiunoni, na utazame mwenyewe kabla ya kuondoka: "Samahani mama, pindo hili liko karibu na tairi." Hakuna atakayekasirika. Khanga iliyonaswa na gurudumu la nyuma humvuta mtu chini kabla hajapiga kelele.

## Hatua ya 5: Kioo cha kofia kisipate ukungu

Pumzi yenye joto ikigusa kioo baridi hugeuka matone madogo, na gizani matone hayo hutawanya mwanga wa gari linalokuja hadi usione chochote. Wengi hufungua kioo chote. Matokeo yake ni machozi, vumbi na wadudu machoni.

Usiku wa kuamkia safari, osha kioo kwa maji mengi kwanza ili vumbi liondoke, kwa sababu kulifuta kavu ni kukikwaruza. Kisha paka ndani tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, lisambaze kwa kidole, liache likauke, halafu futa kwa kitambaa laini mpaka uone vizuri. Utando mwembamba unaobaki huzuia matone kujikusanya. Usitumie petroli wala thina. Huharibu plastiki ya kioo na kuiacha na nyufa ndogo ndogo. Ukiwa umesimama, inua kioo upana wa kidole. Kioo cheusi kiache nyumbani hadi mchana.

## Hatua ya 6: Iandae pikipiki jioni, si alfajiri

Kazi zinazofanywa kwa tochi na vidole baridi hufanywa vibaya. Jioni, injini ikiwa bado ya moto, fanya yafuatayo.

Dondosha oili ndani ya waya wa klachi na wa breki kwa juu, ukibana na kuachia mpaka uhisi imelainika. Grisi ya zamani huwa nzito kwenye baridi, na klachi ngumu huchosha mkono ambao tayari umedhoofika.

Safisha chujio la hewa. Huu ni msimu wa vumbi, na barabara za changarawe hulijaza kwa siku chache; chujio lililoziba hulifanya zoezi la kuwasha asubuhi kuwa mateso. Pitisha brashi kwenye mnyororo kabla ya kuutia oili, kwa maana vumbi likichanganyika na oili huwa kama msasa.

Kagua taa ya mbele, ya nyuma na ya breki. Tabora iko mbali upande wa magharibi wa saa zetu za Afrika Mashariki, kwa hiyo mwezi Juni na Julai jua huchomoza karibu saa moja kamili. Anayeondoka saa kumi na moja ana karibu saa mbili za kutegemea taa.

Upepo wa matairi pima asubuhi kabla ya kuondoka, si jioni baada ya safari. Tairi la moto hukudanganya kwa kuonyesha kipimo kikubwa, na kwa kila nyuzi tano au sita za baridi linapoteza karibu psi moja (psi ni kipimo cha upepo wa tairi). Fuata namba zilizoandikwa kwenye kibandiko cha pikipiki yako, ukitofautisha kupakia abiria na kutopakia.

## Hatua ya 7: Kuwasha injini iliyolala baridi

Malalamiko ya pili kwa wingi ni "haiwaki asubuhi", na mara nyingi kosa ni la mkono wa mwendeshaji. Baridi hufanya petroli isigeuke mvuke kwa urahisi, na oili nzito ya 20W-50 inayotumika kwenye pikipiki nyingi za hapa hufanya injini izunguke kwa shida.

Fungua koki ya mafuta na subiri nusu dakika. Kabla ya kufungua swichi, piga kiki mara tatu au nne taratibu ili oili ianze kusogea. Vuta choki hadi mwisho, fungua swichi, usiguse mkono wa mafuta, kisha piga kiki moja ya nguvu. Watu huvuta choki na papo hapo huzungusha mafuta, na kwa kufanya hivyo huingiza hewa ambayo choki ilikuwa inaizuia. Kama betri ni dhaifu, achana na starta na tumia kiki. Betri hupoteza sehemu ya nguvu zake kwenye baridi, na kuibonyeza mfululizo huimaliza.

Ikiwaka, iache kwa sekunde 30 hadi dakika moja, rudisha choki nusu, kisha yote pale mlio wa injini unapotulia. Usiivumishe injini ili "ipate moto haraka", kwa kuwa oili haijafika kila mahali. Ondoka polepole na uendeshe kwa upole kilomita mbili za mwanzo.

Ukisikia harufu kali ya petroli na injini haiwaki, mafuta yamezidi. Rudisha choki yote, fungua mkono wa mafuta wote, piga kiki mara kadhaa. Ikikataa, toa plagi, ifute ikauke, au weka ile ya akiba. Kwa pikipiki zisizo na kabureta hakuna choki: fungua swichi, subiri sekunde mbili au tatu hadi mlio wa pampu ukome, ndipo uwashe.

Pikipiki isiwashwe ndani ya chumba unacholala, hata kama mlango uko wazi. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na huua.

## Hatua ya 8: Barabarani

Punguza mwendo kwa nusu saa ya kwanza, kwa ajili ya macho na kwa ajili ya joto. Ukitoka kilomita 70 kwenda 50 upepo unaokupiga hupungua sana, na safari ya kilomita 70 huongezeka kwa chini ya dakika 25.

Unaposhuka kwenye mbuga, yaani bonde la nyasi, utahisi kama umeingia kwenye maji. Hewa baridi ni nzito, hutiririka usiku na kulala mabondeni, wakati mwingine pamoja na ukungu. Jiandae kabla ya mteremko, taa ikiwa imeinamishwa. Mbuzi na mbwa hupenda kulala juu ya lami kwa sababu hutunza joto la jana, na baiskeli za mkaa huja bila taa.

Anayetoka Urambo kuja Tabora anaelekea mashariki. Jua likichomoza litakuwa usoni mwake, na jioni akirudi litakuwa usoni tena. Kama ratiba inaruhusu, panga kuwa umesimama mahali kwa chai katika dakika 20 za kwanza za jua hilo.

Simama kila baada ya dakika 30 au 40 hata kama hujisikii kuchoka. Ingiza mikono kwapani, zungusha mabega, tembea hatua hamsini. Usikumbatishe glavu kwenye eksozi. Zile za nailoni huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Kutetemeka kusikozuilika, ulimi mzito, au kusahau kama umeshabadilisha gia ni ishara kwamba safari imesimama kwa sasa: tafuta moto, chai ya tangawizi na blanketi, na usiondoke mpaka vidole virudi. Pombe haisaidii. Hufungua mishipa ya damu kwenye ngozi, unajisikia moto, huku joto la ndani likitoka nje.

Ifikapo saa nne jua litakuwa limewaka, na mchana joto hukaribia nyuzi 30. Vua tabaka moja moja ukiwa umesimama, zikunje ndani ya mfuko wa nailoni, na uzifunge kwa mpira nyuma ya kiti pande zote mbili, mikono ya jaketi ikiwa imekunjwa ndani, mbali na gurudumu na mbali na eksozi. Gazeti lianike, likiwa kavu litatumika kesho.